Mizigo Uliyoiacha Kabla ya Korogwe

Baba,

Shikamoo. Naandika hivyo nikijua hapana wa kuniitikia marahaba, lakini ulimi wangu haujui njia nyingine ya kuanza nawe. Barua za watu huanza kwa kuulizia hali. Hali yako imo mikononi mwa Mola, na mimi sina ruhusa ya kuiulizia. Basi nikupe yangu. Mwili wangu mzima, na ninaogopa. Ni mchana, jua kali, nimekaa ukumbini na mlango wa mbele uko wazi, watu wanapita na baiskeli zao kama siku zote, na bado hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Utanisamehe mwandiko.

Kesho wananipunga pepo, Baba. Mimi, Zuhura wako.

Najua ungekuwepo ungevua kofia ukaipiga gotini ukasema, "Ngoma za nini nyumbani kwangu?" Wewe na waganga hamkuiva chungu kimoja hata siku moja. Lakini hupo, na nyumba ikiondokewa na mwenyewe kila mtu huwa na kauli. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ndiye mtu pekee ambaye nikimweleza sina haja ya kumfafanulia ile reli ni kitu gani.

Ulipozikwa nilirudi hapa Ngamiani nikae na Mama mpaka amalize eda. Mume wangu hakuwa na neno. Shangazi Mwanaidi naye akaja, na mkeka wake na kikapu cha tambuu, na kabla jua halijatua alikuwa ameshaamua nani alale wapi na mchuzi utiwe nazi kiasi gani. Mama akakaa chumbani mwake na kaniki yake. Chumba chako cha reli kikafungwa pazia, na pazia likapigwa fundo, na Shangazi akasema asiingie mtu.

Reli yako ya makopo, watu wa nje walidhani ni mchezo wa mzee aliyeanza kurudi utotoni. Mtu mzima, gadi wa treni za mizigo, anayeheshimika hadi Mombo, halafu Ijumaa akitoka msikitini anavua kanzu, anakaa sakafuni kusukuma makopo! Hawakujua kwamba pale sakafuni hukuwa ukicheza. Tanga ilikuwa chini ya dirisha, Muheza penye mtungi wa maji, Korogwe uvunguni mwa kitanda cha wageni. Reli zilikuwa vipande vya debe ulivyovikunja mwenyewe, mabehewa yalikuwa makopo ya samaki na ya sigara, na kichwa cha treni kilikuwa kile cha kutia ufunguo ulichokipata kwenye mnada wa yule Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Na kila behewa lilifungwa uzi kutoka kikapu cha Mama cha kushonea kofia: mweusi, mzigo wa Muheza, mwekundu, mzigo wa Korogwe. Mama alikuwa akinung'unika, "Nyuzi zangu zinasafiri kuliko mimi."

Nakumbuka tulivyokuwa tukisimama Muheza tukiipisha treni ya abiria. Treni yenyewe haikuwapo. Wewe ulimimina kahawa ukanywa taratibu, funda moja, funda la pili, na mimi nikawaka moto kwa kusubiri. Nikasema, "Baba, si twende tu, hakuna kinachokuja." Ukanijibu bila kunitazama, "Hukioni. Kutokiona si kutokuja." Nilikuwa mdogo nikacheka. Siku hizi nikiwa peke yangu nalikumbuka hilo neno na silipendi hata kidogo.

Na behewa la mafuta ya taa! Lile kopo ulilolipaka masizi. Lilikuwa marufuku kukaa nyuma tu ya kichwa, lazima mabehewa mengine yawe kati yao, kwa sababu kichwa kinatema cheche. Baba, kichwa chenyewe kilikuwa cha ufunguo, hakikujua jivu wala kuni. Lakini nani angekuambia? Siku niliyokosea uliivunja treni nzima ukanipangisha upya toka behewa la kwanza, huku ukifoka, mpaka chakula kikapoa na Mama akaenda kukipasha.

Homa ilikushika katikati ya safari, hata ukapita Muheza bila kukata mabehewa yake. Ulisema kichwa kinakuuma, tutaendelea kesho. Treni ikabaki imesimama, imeshapita Muheza haijafika Korogwe, na sukari yake na chumvi yake na mahindi yake. Hiyo kesho hukuiona.

Baada ya hitma niliingia mle kufagia. Shangazi alikataza, lakini buibui walikuwa wametanda juu ya mlango na mimi moyo haukunipa. Nikainua pazia, nikatazama pale ilipokuwa treni. Haikuwapo. Ilikuwa Muheza. Imerudi nyuma, na mabehewa yenye uzi mweusi yalikuwa yamekatwa na kuwekwa kwenye njia ya pembeni, kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na behewa la gadi likiwa mwisho kama linavyotakiwa.

Nilijiambia ni watoto wa jirani. Lakini mtoto akiona treni huisukuma ikaanguka. Hajui uzi mweusi ni mzigo wa wapi. Siku nyingine nikachungulia tena. Sasa ilikuwa Korogwe. Siku nyingine, iko tena njiani, pale pale ulipoiacha, na behewa moja tu. Watu waliojua kazi ile walikuwa wawili, Baba. Mmoja ni mimi. Nilitoka kinyumenyume, sikudiriki kukigeuzia kile chumba mgongo, na ufagio nikauacha humo humo.

Sikukaa nalo. Nilimwambia Shangazi. Akatema tambuu, akasema, "Nilijua. Mwenyewe hajakubali kuondoka." Akaendelea, "Chuma cha yule Mzungu aliyekwenda zake, kinaletwa ndani, kinalishwa ufunguo kila Ijumaa! Kitakosa kupata roho hicho?" Akakata shauri papo hapo. Eda ikiisha, vitu vyote vya chumba kile vitolewe vikachomwe huko mashambani, mbali na watu. Nyumba wapewe wapangaji. Na Mama achukuliwe na kaka yake, akakae naye Mwera kwenye minazi. Mama alipoambiwa alitazama sakafu akasema, "Inshallah." Wewe unazijua inshallah za Mama. Ile haikuwa ya kukubali.

Mimi nilikubali. Nakuambia kweli, nilitaka reli ile iondoke hata kama ingechomwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa siwezi kupita ukumbini bila kusoma Ayatul Kursiyu. Nilikuwa nikisikia debe linalia juani uani, nashtuka nadhani ni magurudumu. Nilikupenda, Baba, na nilikuogopa, na hivyo vitu viwili kukaa pamoja moyoni ni adhabu.

Kisha juzi Shangazi akanituma nikachungulie tu, nikiwa mlangoni, nione kama "amepita" tena. Nikainua pazia kidogo. Treni ilikuwa Tanga, imepangwa tayari kuondoka. Na nyuma tu ya kichwa, kimegusana nacho kabisa, kilikuwa kile kikopo cheusi cha mafuta ya taa.

Nilicheka kwa sauti. Nilicheka mpaka nikashika kizingiti. Kwa sababu wewe, Baba, hata ukifufuliwa leo ukasahau jina langu, hilo hutalisahau. Yule hakuwa wewe. Yule alikuwa mtu hai, mwenye mikono ya nyama, na amekosea.

Kicheko hakikukaa. Nilipoteremsha pazia hofu ilikuwa inanisubiri, imebadili nguo tu. Maana maiti nimefundishwa namna ya kumsomea. Aliye hai, anayeingia chumbani mwa marehemu kwa siri akayafuata mambo yake, nimsomee nini?

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, Shangazi akajinyoosha kwenye mkeka wake kama kawaida. Nikakaa ukumbini na ungo, nachagua mchele. Nikasikia ufunguo. Kre, kre, kre, ule mlio wa kuukaza. Punje za mchele ziliruka sakafuni, sikuziokota. Pazia lilikuwa halina fundo. Nikalishika nikalivuta kwa nguvu zote, nikisema bismillahi kwa sauti ambayo sikuitambua.

Alikuwa Mama. Kalala kifudifudi na kaniki yake, shavu sakafuni, anatazama uvunguni.

Hakugeuka hata. Akasema, "Zuhura, Korogwe giza. Niangalizie kama limefika."

Nikakaa chini kando yake. Nikamwuliza, "Mama, unafanya nini?" Akaniambia, kwa sauti ile ya kueleza jinsi ya kukaanga samaki, "Mizigo ya watu hailali njiani. Si ndivyo alivyokuwa akiniambia baba yako kila akichelewa kurudi? Basi kaondoka kaiacha njiani. Akiulizwa huko atajibu nini?"

"Mama, haya ni makopo."

"Najua ni makopo, si samaki wake niliwapika mimi? Lakini aliyashika kama amana. Mtu akishika kitu kama amana, ni amana."

Nikamwuliza amejuaje kazi. Akaniona mjinga. "Miaka yote nimekaa nyuma ya ukuta huu nashona kofia, wewe ulidhani masikio nayo nimeyashona?" Alijua nyuzi, alijua Muheza kwanza, alijua gadi mwisho. La mafuta ya taa tu ndilo hakulijua. Siku uliyonifokea alikuwa jikoni anatupashia chakula.

Nikamwuliza jambo lililokuwa likinitisha zaidi: kama anafikisha mizigo, mbona kila mara treni inarudi pale pale? Akachukua lile behewa la mwisho, la uzi mwekundu, akalifuta vumbi kwa upindo wa kaniki. Akasema, "Hili huwa nalirudisha, na juzi niliianza safari yote upya toka Tanga. Likifika hili kazi ya baba yako imekwisha. Na mimi sijawa tayari iishe."

Baba, nililia. Sijalia vile hata ulipotolewa nyumbani. Na kwa kuwa sikuwa na jingine la kumpa, nikampa ulichonifundisha. Nikamwambia, Mama, Korogwe si mwisho. Treni ya mizigo ikishashusha haikai huko. Yale mabehewa matupu yanaunganishwa, yanarudishwa Tanga, maana yanangojwa kupakiwa. Kazi ya kurudisha matupu ni kazi kama kazi nyingine, na Baba alikuwa akiifanya kila safari.

Akanitazama. "Kumbe hurudi?"

"Hurudi, Mama."

"Mbona sikusikia?"

Kwa sababu ulikuwa huneni kitu ukirudisha matupu, Baba. Ulikuwa umechoka, tunafanya kimya kimya.

Basi akalifikisha. Behewa la mwisho la uzi mwekundu likaingia Korogwe, Mama akalishusha chumvi yake, akafungua uzi akaurudisha kwenye kikapu. Kisha akazunguka nyuma ya kitanda, upande wa ukutani, ili ayapange matupu, na mimi nikasimama Muheza. Nikamwita, "Tayari?" Akakaza ufunguo akaiachia. Ikatoka uvunguni, matupu yanalialia, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilikuwa siogopi kitu. Ndiyo maana sikumsikia Shangazi.

Alikuwa ameshika pazia. Alichokiona ni mimi nimesimama peke yangu katikati ya chumba na treni inatoka yenyewe uvunguni inakuja miguuni pangu. Akasema, "La ilaha illallah." Kisha akauliza, "Kuna nani humu?"

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu. Nikisema Mama, basi ni mjane aliye ndani ya eda anayezungumza na makopo ya mumewe. Wangesema akili imemruka. Mjomba asingengoja eda iishe, angekuja kumchukua siku hiyo hiyo, na huko Mwera wangemfanyia kila dawa waijuayo, naye angekaa kimya akasema inshallah mpaka afe. Nikasema, "Ni mimi, Shangazi. Mimi peke yangu, tangu siku ya kwanza."

Nilingoja. Mama hakutoka nyuma ya kitanda.

Afadhali Shangazi angenipiga. Hakunipiga. Alikuja akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, macho yake yamejaa huruma, akasema, "Mwanangu, si wewe. Masikini mwanangu, si wewe unayefanya haya." Hapo ndipo nilipojua nimejiingiza wapi. Kwa Shangazi neno langu lilikuwa ushahidi: pepo kampanda Zuhura, anautumia mwili wake kuchezea vitu vya marehemu. Ameshamwita fundi wa kupunga, mama mmoja kutoka upande wa Digo ambaye wanasema hakuna pepo anayemshinda. Ubani umenunuliwa. Mume wangu amepelekewa habari, akajibu kwamba wafanye waonavyo. Sijui maneno hayo yana nini ndani yake. Najua tu kwamba mwanamke akishapungwa huitwa kiti cha pepo, na kiti hakiachi kuwa kiti. Kila ngoma ikilia mtaani watanitazama.

Leo asubuhi Mama alinijia jikoni. Akasimama karibu yangu nikikuna nazi, akasema, "Nitawaambia ni mimi. Mimi mzee, wakinipunga nitapungika." Alijaribu kucheka. Mikono yake ilikuwa inaukunja upindo wa kaniki, inaukunjua, inaukunja tena. Jana nilikuwa nimemlaumu kidogo kwa kutotoka nyuma ya kile kitanda. Nilipoiona ile mikono lawama ikaisha. Nikamwambia asiseme kitu, asitie neno, akae chumbani mwake.

Na pale pale, mkono kwenye mbuzi ya nazi, ndipo lilipoingia wazo. Unajua desturi yao, hata kama ulikuwa ukiziba masikio. Ngoma ikikolea pepo huulizwa jina lake, kisha huulizwa anataka nini. Na anachotaka hupewa. Wanawake wa mtaa huu, pepo wao wametaka shuka, wametaka pete, wametaka marashi na mbuzi mwekundu, na waume wakali kabisa wamekwenda kuvitafuta bila kubisha. Sasa, pepo wangu akisema anataka reli isiguswe? Akisema anataka mjane wa nyumba hii asihamishwe, akae humu humu, na Ijumaa aachiwe kile chumba? Nani atambishia? Shangazi ndiye atakuwa wa kwanza kutii, na atawalazimisha na wenzake.

Ndivyo nitakavyofanya. Lakini nina hofu mbili. Kwanza ni uongo, na uongo hata ukitiwa ubani haugeuki kuwa kweli. Pili, wanasema anayemwigiza pepo humfungulia mlango. Wewe ungesema ni upuuzi. Wewe lakini uliipisha treni isiyokuwapo maisha yako yote.

Baba, nakuaga hapa, maana Shangazi ameamka na atataka kujua naandika nini. Mungu akulaze pema. Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, hata wanibane vipi, jina la Mama halitatoka kinywani mwangu. La pili, fundi akimwuliza pepo jina lake, nitataja jina lolote litakalonijia, lakini lako sitalichezea.

Naogopa ngoma zitalia nami nitakuwa naigiza, na kila mtu ataona. Naogopa zaidi zilie nisiwe naigiza. Ikitokea hivyo, sauti ikatoka isiwe yangu, ikawa ni wewe, basi usikawie. Mwambie Mama unalotaka kumwambia, lote, kwa kituo, asikie vizuri. Kisha unirudishie kinywa changu, Baba. Bado nina kazi nacho hapa.

Ni mimi mwanao,
Zuhura